Ethi ya pedali ya gitaa ikusanywe mahali pamoja
Kaka, pedali ya gitaa uliyoiunda, yaani kile kifaa cha kukanyaga cha kubadili sauti, inavuma, na mvumo unabadilika kila ukiligusa boksi lake la alumini, kwa sababu boksi lenyewe halijapata ethi, yaani halijaungwa na upande hasi wa saketi. Kusanya nyaya zote za ethi, yaani za saketi, za soketi ya kutolea na za umeme, katika mguu wa ethi wa soketi ya kuingizia gitaa, kisha kwangua rangi ya ndani kuzunguka tundu lake hadi alumini ing'ae, kwani nati iliyokazwa juu ya rangi haiungi kitu, na hapa Tanga hewa ya chumvi hukaribisha kutu upesi. Soketi ya umeme wa volti 9 iwe ya plastiki, maana adapta nyingi za pedali huweka chanya upande wa nje wa plagi, na soketi ya chuma ingepiga shoti kwenye boksi.