Muulize Anti: Mdogo wangu kafaulu ila nyumbani hatuna kitu

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ndo mkubwa kwetu, niliishia sekondari nikaanza vibarua ili wadogo zangu wasome. Sasa wa mwisho kafaulu vizuri mno, walimu wake wanasema aombe chuo kikubwa kabisa, ila tukiona ada tu tunakata tamaa. Mjomba anasema tusijisumbue, aende chochote cha karibu au atafute kazi, maana nafasi nzuri ni za watoto wa matajiri hata usome vipi. Moyo unaniuma. Niambie ukweli Anti, chuo kinamtoa kweli mtoto wa maskini au tunadanganywa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, mzigo ulioubeba sio mdogo.

Mjomba wenu hajakosea yote. Marekani, ambako haya mambo yamepimwa sana, mchumi Raj Chetty na wenzake walipekua rekodi za wanafunzi zaidi ya milioni 30, na matokeo yalipotoka 2017 yakaonyesha kuna vyuo 38 ambavyo vilikuwa na watoto wengi kutoka kwenye ile asilimia 1 ya familia tajiri kabisa kuliko kutoka asilimia 60 yote ya chini. Mwaka 2023 wakaonyesha tena kwamba kwenye vyuo 12 vya juu kabisa, mtoto wa hiyo asilimia 1 ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma pale kuliko mtoto wa familia ya kawaida mwenye alama zilezile za mtihani. Alama zilezile! Kwahiyo upendeleo upo na inauma, sitakuficha.

Lakini utafiti uleule wa 2017 ulikuta kitu kingine ambacho nataka mjomba akisikie: mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri waliosoma chuo kimoja, wakishafika miaka ya thelathini na kitu, vipato vyao vinakaribiana sana. Yaani ugumu mkubwa uko kwenye kuingia na kumaliza, akishavuka hapo ile hali ya nyumbani haimshiki mguu kama tunavyodhani. Tena sio lazima kiwe chuo cha jina kubwa. Vyuo vilivyoonekana kutoa watoto wengi toka chini kabisa kuwapeleka juu vilikuwa vya umma, kama Cal State Los Angeles na vyuo vya City University of New York, kwa sababu vinapokea maskini wengi na vinawatoa.

Sasa hiyo ada mnayoiona. Msifunge mlango kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye tangazo, mara nyingi sio hiyo ambayo maskini analipa. Wachumi wa Marekani Caroline Hoxby na Christopher Avery waliwahi kuonyesha kwamba vijana wengi wenye akili sana wa familia za chini hawaombi kabisa vyuo vikubwa, na vingi ya vyuo hivyo vingewagharimu kidogo kuliko vile vya kawaida walivyoenda, maana vina pesa za kusaidia. Chuo Kikuu cha Michigan, kulekule Marekani, nacho kilijaribu jambo moja, kikawaandikia barua wanafunzi wazuri wa familia zisizo na uwezo kuwaambia ukikubaliwa kwetu ada ya miaka minne ni bure, huna haja ya kujaza fomu ya kuthibitisha kipato. Walioandikiwa waliomba asilimia 68, wasioandikiwa asilimia 26. Na ujue wengi wao wangepata msaada huohuo hata bila barua! Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema na kwa uhakika.

Kwahiyo kazi yako wewe kama mkubwa sio kutafuta pesa yote, ni kumfuatilia kwa karibu. Mwandikieni kila chuo anachokitaka muulize moja kwa moja, kwa familia yenye kipato hiki tutalipa sh ngapi baada ya msaada wote? Halafu kaeni wote wawili mjaze fomu za mkopo na skolashipu mpaka mbonyeze kutuma. Nasisitiza KUKAA NAYE, kwa sababu kuna jaribio lilifanyika kulekule Marekani, familia zilizosaidiwa kujaza fomu palepale, katika kila watoto 100 walioenda chuo waliongezeka kama 8, ila waliopewa maelezo tu wakaenda nayo nyumbani hakuna kilichobadilika. Maelezo peke yake hayatoshi jamani. Na akishapata admisheni usilale, kile kipindi cha kati ya kukubaliwa na kuripoti ndo wengi wanapotea, karatasi moja haijarudishwa, malipo ya awali yamechelewa, basi nafasi imeenda.

Mjomba mheshimu, msikilizeni, ila mtoto aombe.

SWALI: Anti, niko mwaka wa pili. Nadaiwa kiasi ambacho sio kikubwa ila sina, jina langu liko kwenye listi ya wasioruhusiwa kufanya mtihani. Nimeanza kutokwenda darasani kwa aibu. Nafikiria niondoke kimyakimya nikafanye kazi kwanza nitarudi baadae.

JIBU: Usiondoke kimyakimya, tafadhali sana. Watu wanadhani wanaoteswa na mikopo ni wenye deni kubwa, kumbe Marekani imeonekana wanaoshindwa zaidi kulipa ni wale waliokopa kidogo wakaacha bila cheti, deni linabaki na mshahara haujaongezeka. Hapo ulipo umeshalipia gharama nyingi, faida yake iko kwenye kumaliza.

Na hiki kinachokutoa kinawatoa wengi. Chuo cha Georgia State cha hukohuko Marekani kiliona kinapoteza wanafunzi wanaofaulu kabisa kwa sababu ya madeni madogo, kuanzia 2011 kikaanza kuwalipia wenyewe, mpaka dola 2,500, bila hata kungoja mwanafunzi aombe, na wengi walimaliza. Kule New York nako kuna mpango unaitwa ASAP, wanampa mwanafunzi nauli, vitabu na mshauri anayemfuatilia, na ulipopimwa waliomaliza ndani ya miaka mitatu walikuwa asilimia 40 wakati wenzao bila huo mpango ni 22. Wanafunzi wa aina moja kabisa mwanangu, tofauti ni nauli na mtu wa kukuuliza umefikia wapi. Kwahiyo aibu iweke pembeni, hujashindwa masomo.

Kesho nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi au mkuu (dean) wa kitivo chako, usiende mhasibu kwanza, maana mhasibu mara nyingi hana ruhusa ya kukuvumilia ila mlezi anaweza kukuombea. Beba matokeo yako ya mwaka wa kwanza na barua fupi, andika unadaiwa kiasi gani, unaweza kutoa kiasi gani sasa hivi hata kama ni kidogo, na lini utamalizia. Uliza kama kuna mfuko wa dharura, baadhi ya vyuo vinao na havitangazi. Wakikataa kabisa ndo uombe kuahirisha mwaka kwa maandishi, upewe barua yenye muhuri na tarehe ya kurudi, ili kiti chako kibaki chako. Na darasani urudi hata kabla hujajibiwa.