Mwanangu Haongei, Nisubiri Mpaka Lini?

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na Anti, mama wa kijana mwenye usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa kuongea na kuelewana na watu

SWALI: Shikamoo Anti. Nina mtoto wa kiume wa miaka 4, tunaishi Mbagala. Haongei, ila kuna wimbo wa tangazo la kwenye tivii anauimba wote bila kukosea. Ukimwita jina hageuki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Kutwa anapanga vifuniko vya soda, ukigusa kimoja atalia mpaka atapike. Alikuwa anasema "mama" na "maji", alafu baada ya ile chanjo ya mwaka na nusu maneno yakapotea. Mume wangu anasema watoto wa kiume wa kwao wote huchelewa kuongea, mama mkwe anataka tukamkate kimeo, na nasari wameniambia nimrudishe akishaanza kuongea. Nisubiri mpaka lini Anti? Na ni kweli ni chanjo? – Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usisubiri. Hao wote wanaokwambia subiri, mume, nasari, majirani, wanadhani kuongea kutakuja kwanza ndo kufundishwa kufuate, na mimi niliyelea mtoto wa namna hii nakwambia anza kumfundisha leo akiwa hivyohivyo haongei, maneno yakija yatakukuta njiani.

Kwanza apimwe masikio. Najua anasikia biskuti lakini apimwe tu, maana kuna watoto wanasikia sauti za aina fulani na nyingine hawazipati, na daktari yeyote makini ataanzia hapo. Alafu omba rufaa uende hospitali ya mkoa au Muhimbili waangalie kama ni usonji. Jua kabisa kwamba hamna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuonyesha usonji, kwahiyo mtu akikutoza hela kwa kipimo cha namna hiyo muulize maswali. Wanaangalia mtoto anavyocheza na anavyokujibu, wanakuuliza historia yake, je anakunyooshea kidole kitu ili na wewe ukione, je anakuletea kitu akuonyeshe, sasa wewe ukiwa nyumbani mrekodi video kwenye simu akiwa na vifuniko vyake, ukimwita jina hageuki, akiimba lile tangazo, maana hospitali siku hiyo anaweza akalala mgongoni muda wote daktari asione chochote.

Kuhusu chanjo nataka nikuondoe hilo jiwe kifuani. Wapo watoto wengi wenye usonji wanaoanza na maneno mawili matatu alafu yanapotea kati ya mwaka mmoja na miaka miwili, na hapa kwetu chanjo ya pili ya surua na rubela inachomwa miezi 18, yaani katikati kabisa ya kipindi hicho, ndo maana mama wengi wanaviunganisha. Maneno ya kwamba chanjo ya surua inaleta usonji yalienezwa na daktari wa Uingereza Andrew Wakefield mwaka 1998 kwa utafiti wa watoto 12 tu, ikaja kugundulika utafiti haukuwa wa kweli, mwaka 2010 jarida la Lancet likaufuta na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Denmark mwaka 2019 walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya laki sita na nusu, waliochanjwa na wasiochanjwa, usonji haukuongezeka kwa waliochanjwa. Hukumfanyia mwanao kitu kibaya. Na kama ana mdogo wake, mpeleke akachanjwe, surua inaua.

Kimeo usikubali. Kukata kimeo kunaweza kumtoa damu mtoto isikatike, vidonda vinaingia uchafu, na hakuongezi neno hata moja. Dua mwombeeni, na mama mkwe asome kadri anavyoweza, ila kisu kisimguse mtoto. Kama anaweza kutembea mchukue mkaenda nae kliniki, asikie kwa masikio yake toka kwa daktari, wakwe wengi wakisikia wenyewe wanakuwa walinzi wa mtoto kuliko hata wewe.

Sasa twende kwenye kufundisha, hapa ndo nataka ukae utulie. Mwanao saivi akitaka maji anafanyaje? Nadhani anakuvuta mkono, au analia wewe unaanza kubahatisha, mara uji, mara embe, mara chai, mpaka nyote mmechoka. Chukua simu, piga picha kikombe chake mwenyewe, kilekile cha plastiki anachonywea, usichukue picha ya kikombe cha kizungu mtandaoni. Nenda steshenari wakuprintie, funika kwa selotepu pana isiloane. Akija kukuvuta mkono, mtu mwingine akiwa nyuma yake amsaidie kuchukua ile picha na kukuwekea mkononi, na wewe saa hiyohiyo unasema "maji!" unampa maji, usimwambie sema kwanza, usimwekee masharti, picha imekuja maji yanakuja. Tena na tena. Siku atakayoichukua mwenyewe bila kushikwa mkono utajua mwanao amekuomba kitu kwa mara ya kwanza toka yale maneno yapotee, mimi nililia. Kwetu ilianza picha ya maji, ikaja ya chapati, ikaja ya "nje", alafu ikaja ya "basi sitaki" ambayo ndo ilipunguza kelele nyumbani kuliko zote, maana mtoto alikuwa analia kwa kuwa hana namna ya kukataa.

Watu watakutisha kwamba ukimpa picha atazembea kuongea. Si kweli, njia hii imetumika toka miaka ya 1980 huko Marekani na watoto wengine wanaanza kutoa maneno wakiwa na picha mkononi. Wengine hawaongei mpaka wanakuwa watu wazima, siwezi kukuahidi mwanao yuko upande upi na yeyote anayekuahidi kwa hela mkimbie. Lakini mtoto mwenye picha ishirini anaweza kusema njaa, tumbo linauma, nataka choo, na hayo yanamlinda maisha yake yote. Na lile tangazo anavyoliimba usilidharau, imba nae, katikati nyamaza umwachie neno la mwisho alimalizie mwenyewe.

Wataalamu wa tiba ya kuongea ni wachache sana nchini, foleni yao ndefu, kwahiyo ukimpata mwombe akufundishe wewe cha kufanya nyumbani, maana yeye atamwona mtoto muda mfupi na wewe uko nae kuanzia alfajiri.

Shule. Nasari iliyokukatalia isikuvunje moyo, ila usimfungie ndani. Nenda halmashauri ya manispaa yako umuulizie afisa anayeshughulikia elimu maalum, yeye ndo anajua shule zipi za serikali zina kitengo cha watoto wenye usonji au ulemavu wa akili, pale Ilala kwa mfano Shule ya Msingi Msimbazi Mseto wana kitengo cha usonji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya kusoma kama mtoto mwingine yeyote, kwahiyo usiende pale kama unaomba fadhila, nenda kama mzazi. Ukifika kitengoni uliza mwalimu ni nani, wasaidizi wako wangapi, geti linafungwa, mtoto akijichafua nani anamsafisha, na angalia watoto wanafanya nini saa nne asubuhi, wanafundishwa au wamekalishwa tu.

Mumeo mpe kazi. Asitoe maoni tu, yeye ndo awe yule mtu wa nyuma anayemshika mkono mtoto wakati wa picha, jioni akirudi. Wababa wengi kukataa kwao ni hofu, wakiona mtoto ameomba maji mbele yao wanabadilika bila kuhubiriwa.

SWALI: Habari Anti. Binti yangu ana miaka 8 na ana usonji, anatoroka. Geuka kidogo tu kashatoka, juzi amekutwa anacheza kwenye mtaro uliojaa maji. Ndugu wanasema nimchape ataacha. Nifanye nini? – Baba wa Morogoro

JIBU: Baba, kumchapa hakutamzuia, kutamfundisha kukukimbia na wewe. Anakimbilia kitu au anakimbia kitu, chunguza kipi, kelele za jirani, joto la ndani, au anayapenda maji tu. Watoto hawa maji yanawavuta mno na kuzama ni hatari kubwa kwao, kwahiyo leo hii funika kisima, mapipa na shimo lolote la hapo nyumbani, weka komeo juu kabisa ya mlango asikofika, na namba yako ya simu ishone ndani ya nguo zake zote. Alafu chukua picha yake nenda kijiwe cha bodaboda, kwa muuza genge, kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, waambie huyu ni wangu, ana usonji, mkimwona peke yake msimpigie kelele, mshikeni taratibu mnipigie. Bodaboda wanaona kila kinachopita mtaani. Na kila siku kwa saa ileile mpeleke kwenye maji mwenyewe, hata beseni uani, ukiwa umekaa pembeni yake, akijua yanakuja hatayatafuta kwa nguvu vile.

SWALI: Anti mimi ni mwalimu wa darasa la pili Dodoma, watoto wamejaa. Mmoja nahisi ana usonji, kengele ikilia anaziba masikio anaingia chini ya dawati. Sijasomea elimu maalum. – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, asante kwa kumwona. Mkalishe mbele pembeni, mbali na dirisha. Kabla ya kengele mguse dawati lake umwonyeshe alama mliyokubaliana, ajue inakuja, na kama inawezekana atoke dakika moja kabla ya wenzake. Mchoree ratiba ya siku kwa picha pale mezani kwake, kusoma, hesabu, uji, kucheza, nyumbani, kila kipindi kikiisha akifute. Mpe agizo moja moja, fupi, usiseme "toeni daftari muandike tarehe alafu mfungue ukurasa wa tano" maana yeye kabaki kwenye daftari. Usimlazimishe akuangalie machoni, anaweza akakusikia vizuri zaidi akiwa anaangalia ukuta. Mwite mzazi kwa upole, mwambie unachokiona bila kumpa mtoto jina la ugonjwa, na mshauri aende hospitali, alafu andika kwenye kumbukumbu za shule mapema, maana Baraza la Mitihani (NECTA) huwa linawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum na shule ndo inayopeleka taarifa zao. Ukitaka kusoma zaidi, chuo cha ualimu cha elimu maalum kipo Patandi, Arusha, muulize afisa elimu wako utaratibu wa kuomba ruhusa.