Je, mayai yanatosha kumtambua mdudu wa Efemeroptera?

SWALI: Nimehifadhi katika alkoholi wadudu wapevu wa oda ya Efemeroptera, wale wenye mabawa ambao maisha yao ni ya saa au siku chache tu. Wengi ni majike, ilhali vitabu vya utambuzi hutegemea viungo vya uzazi vya dume. Je, mayai yaliyo tumboni yanaweza kunipa jina la spishi, na yanafaa kuelezwa nikidhani nimepata spishi mpya?

JIBU: Yanafaa sana, ila ni nadra kutosha yakiwa peke yake. Dume hubainishwa kwa koleo lake la kumshikia jike na uume wake wa jozi, na katika familia ya Baetidae hata kwa macho yake ya juu yaliyoinuka kama kilemba. Jike hana hayo yote, na ndiyo maana yai lake lina thamani kubwa.

Toboa tumbo taratibu, weka mayai machache kwenye kioo cha hadubini, kisha tazama umbo lake, nakshi za ganda (wavu, vinundu au usawa mtupu), mahali palipo vitundu vya kupitishia mbegu za kiume, na zaidi ya yote viungo vya kujishikiza: baadhi ya mayai yana kofia ya nyuzi kwenye ncha, mengine yana nyuzi zilizosokotwa zenye kinundu mwishoni. Nyuzi hizo hufunguka yai likigusa maji, kwa hiyo andika kama yai lilitoka tumboni au lilikwisha kutagwa. Nakshi nyembamba huhitaji hadubini ya elektroni.

Tatizo ni kwamba spishi za jenasi moja zinaweza kuwa na mayai yasiyotofautika. Njia ninayoiamini ni kumlea tunutu (mdudu mchanga anayeishi majini) hadi apevuke na kuhifadhi magamba aliyojivua pamoja naye, kwa kuwa gamba la tunutu hubaki na matamvua, sehemu za kinywa na kucha. Usisahau gamba la pili: miongoni mwa wadudu waliopo leo, hawa ndio pekee wanaojivua tena baada ya kupata mabawa ya kurukia. Tunutu jike ambaye vifuko vya mabawa vimekwisha kuwa vyeusi huwa tayari na mayai, naye hukuunganishia tunutu na yai.

Katika maelezo ya spishi mpya, pima urefu na upana wa mayai kwa mikromita kutoka kwa majike kadhaa, lakini kielelezo kikuu (sampuli moja inayobeba jina la spishi) kiwe, ikiwezekana, dume mpevu aliyelelewa kutoka mto uleule.