Kabla ya kununua kiwanja cha kiwanda cha zamani cha korosho

Ndugu, kwa kuwa unakusudia kununua eneo la kiwanda cha zamani cha korosho hapa Lindi ili ujenge nyumba na kuchimba kisima, nakusihi usilipe hata malipo ya awali kabla ya kuijua historia yake. Waulize wazee waliofanya kazi humo matangi ya dizeli yalikaa wapi, mafuta ya maganda ya korosho, ambayo huunguza ngozi, yalimwagwa wapi, na kama viuatilifu viliwahi kuhifadhiwa. Kisha mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa achukue sampuli za maji, na za udongo kwa vina tofauti, kwani dizeli huzama ardhini huku juu pakionekana safi kabisa. Paa likiwa la asbesto, vibarua wasilivunje kwa nyundo. Vumbi lake husababisha saratani.