Polipu za kijani hutambaa kwa kasi gani kwenye tangi la matumbawe?

Mtu akishaweka kipande cha kwanza cha polipu nyota za kijani (Briareum, tumbawe laini linalotambaa kama zulia na kuchomoza polipu, yaani vinyama vidogo vyenye tentakeli) kwenye tangi lake, swali huwa ni moja: kitafunika mwamba baada ya muda gani? Kwenye tangi lililotulia, ukingo wa zulia lake husogea kama sentimita 1 hadi 3 kwa mwezi. Kipande cha sentimita 3 kilichobandikwa juu ya mwamba wa ukubwa wa ngumi kitaufunika wote kwa miezi 4 hadi 8.

Ila hesabu hiyo huwadanganya wengi. Miezi ya mwanzo utadhani hakuna kinachoendelea, kisha ghafla mwamba umejaa. Ukingo hausogei kwa upande mmoja tu. Husogea pande zote, na kadiri zulia linavyopanuka ndivyo ukingo unavyorefuka. Duara la kipenyo cha sentimita 4 likifika sentimita 8, eneo lake limeongezeka mara 4, si mara 2. Kwa hiyo usisubiri kuona kasi ndipo uanze kupanga mipaka. Mipaka hupangwa siku ile ile unayobandika kipande, kwa sababu mahali ulipokiweka ndipo patakapoamua kama polipu hizi zitakuwa pambo au kero.

Tuanze na wiki za kwanza. Kipande kilichotoka kwenye tangi lingine huweza kujifunga siku chache, hata wiki 2 au 3. Usikihamehamishe. Angalia zulia lenyewe: likiwa la zambarau na gumu kidogo ukiligusa, liko hai hata kama hakuna polipu hata moja iliyochomoza. Likigeuka kijivu, likachanika kwa kidole na kutoa harufu mbaya, sehemu hiyo inaoza. Ikate kwa wembe mpaka ufike kwenye nyama nzima. Kipande kinachokataa kufunguka baada ya hapo mara nyingi kimelaliwa na takataka au mwani wa nyuzi kwa sababu maji hayapiti juu yake vya kutosha. Chukua bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, lipulizie zulia maji ya tangi kila siku, kisha ugeuze pampu ya mawimbi ili maji yalipite kwa ubavu. Usiielekeze moja kwa moja.

Ukuaji wenyewe unaonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia. Mbele kabisa hakuna polipu. Kuna ulimi mwembamba wa zambarau, laini, umebana mwamba kiasi kwamba huwezi kupitisha ukucha chini yake. Milimita chache nyuma yake vinachomoza vidole vifupi vyeupe-kijani, na nyuma zaidi polipu kamili zenye tentakeli nane. Ulimi huo ukiwa na rangi iliyokolea, tangi lako liko sawa. Ukipauka na kusimama, kapime maji.

Kwenye maji, kosa la kawaida ni kuyasafisha kupita kiasi. Matumbawe laini hayapendi maji yasiyo na lishe. Lishe hiyo ni naitreti na fosfeti: weka naitreti kati ya 5 na 15 mg/L, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 mg/L. Zote mbili zikishuka mpaka kipimo kisizione, polipu husinyaa, ukingo husimama, na dinoflajeleti (vijidudu vya majini) za kahawia zenye viputo huvamia mchanga. Naitreti ikipita 40, polipu haziwezi kufa kwa hilo peke yake, lakini mwani utazishinda mbio. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26, chumvi 35 kwa elfu (uzito mahsusi 1.026 kwenye refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi), alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia asidi) 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH. Laini au si laini, ndani ya miili yao mna vijiti vidogo vya chokaa, kwa hiyo kalsiamu inahitajika. Ila tangi lenye matumbawe laini tu hupata ya kutosha kwa kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Usinunue chupa za nyongeza kabla ya kupima. Mwanga wa PAR (kipimo cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru) 50 hadi 150 unatosha, na ukiongeza taa, ongeza pole pole kwa wiki kadhaa.

Sasa mipaka. Mwamba wa polipu za kijani ukae peke yake juu ya mchanga, angalau sentimita 10 kutoka kwenye mwamba mkuu. Mchanga hauzuii kabisa, unachelewesha tu: zulia huweza kuning'inia juu yake, na likikuta kokoto au kipande cha gamba la konokono hukitumia hapohapo kama daraja. Ondoa kokoto zote kwenye huo uwazi. Tangi lisilo na mchanga halina mpaka wowote, maana zulia hutambaa juu ya kioo cha chini bila shida.

Kioo cha nyuma, kinyume chake, ni mahali pazuri sana pa kuziweka kwa makusudi. Ukuta mzima wa kijani unaopepea hupendeza, na ukichoka nao unaubandua kwa kadi ya plastiki, kwa sababu kioo hakina vitundu vya kuficha mabaki. Angalia tu maji yanapotokea: zulia likiziba meno ya mfereji wa kupitishia maji, kina hupanda na sakafu hulowa. Acha sentimita 5 wazi kuzunguka mfereji na pampu, na zikague kila wiki.

Jirani nao wana neno lao. Polipu hizi haziumi sana. Huua kwa kufunika. Acropora (tumbawe gumu lenye matawi) aliyefikiwa kwenye shina hukosa mwanga na maji, kisha huanza kufa kuanzia chini. Euphyllia, matumbawe magumu mengine, kwa upande mwingine wana tentakeli ndefu zinazochoma ukingo na kuurudisha nyuma, lakini usiwatumie kama askari; watachoma na kila kingine kilicho karibu.

Kupunguza zulia ni kazi ya kila mwezi, si ya mwaka mara moja. Zima pampu. Kama mwamba unatoka, utoe uuweke kwenye ndoo ya maji ya tangi. Chora mstari kwa wembe mpya, inua pembe kwa koleo, kisha vuta pole pole; zulia hubanduka kwa vipande vipana. Fyonza mabaki kwa mpira wa kufyonzea maji, kwa sababu uzi mdogo ulioachwa kwenye kitundu utaota tena. Ukitaka kukipandikiza kipande, kausha upande wake wa chini kwa karatasi laini na ukibandike kwa supaglu ya jeli. Ukimaliza, weka kaboni mpya ya kuchujia, gramu 50 hivi kwa lita 100, ichukue ute na kemikali zilizotoka kwenye majeraha.

Matumbawe wengine wanaoenea haraka hawatambai hivyo. Xenia, tumbawe laini, hujigawa kwenye shina na kupanda kuelekea mwanga na mkondo; huweza kujaza tangi, kisha kundi lote likasinyaa kwa siku chache. Capnella, tumbawe laini lenye umbo la mti, hudondosha matawi madogo yanayobebwa na maji, kwa hiyo kisiwa cha mchanga hakimzuii. Okota vipande kabla havijashika. Discosoma, tumbawe lenye umbo la uyoga, huacha vipande vya mguu wake anaposogea, na kila kipande hutoa mwingine. Supaglu haimshiki kwa sababu ya ute: muweke kwenye kikombe chenye kokoto, funika kwa wavu, mkondo uwe mdogo, na baada ya wiki 1 au 2 atakuwa ameshika kokoto mwenyewe.

Zoanthus na Palythoa, polipu zinazokua kwa vikundi, huuzwa pamoja na hawa na huenea vivyo hivyo, lakini hapa lazima tuwe wakali. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho kila unapowakata, usiwashike ukiwa na kidonda mkononi, na usiwakate nje ya maji karibu na uso. Mwamba wenye polipu hizi usiuchemshe kamwe, usiumwagie maji moto wala kuuosha kwa mashine ya presha: mvuke na matone hubeba sumu mpaka kwenye mapafu ya kila aliye ndani ya nyumba. Mtu akihisi ladha ya chuma mdomoni, homa, kifua kubana au misuli kulegea baada ya kazi hiyo, mtoeni chumba hicho mara moja, mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari aligusa nini.

Kipande cha kuanzia chukua kwa mfugaji mwenzako, kilichokwisha kuzoea maisha ya tangi. Ndani ya hifadhi za bahari kama za Mafia na Watamu kung'oa matumbawe ni marufuku, na kilichong'olewa mwambani huja na wadudu wasiotakiwa. Sentimita 3 zinatosha.