Tripodi nyepesi inapenda kuwa fupi

Picha 42 za maporomoko, na zote zimecheza. Nilizifungua kwenye kompyuta usiku ule niliorudi safarini, nikawa nazikuza moja baada ya nyingine nikitumaini walau moja imepona. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilikuwa zimenipendeza mno: maji yamelainika kama pamba iliyochambuliwa, mwamba mweusi unang'aa kwa unyevu, majani yamekolea. Kwenye kompyuta ule mwamba ulikuwa na kingo mbili mbili. Mwamba hautembei. Kamera ndiyo iliyotembea, tena ikiwa juu ya tripodi, ile stendi ya miguu mitatu.

Tripodi yenyewe ilikuwa mpya, ya kilo moja na robo hivi, ikikunjwa inaingia kwenye begi la mgongoni. Niliinunua baada ya kuchoka na ile ya zamani ya kilo 3, ambayo kila safari nilianza nayo kwa nia njema na kuishia kuiacha chumbani. Usiku ule niliumia sana, nikaona fedha yangu imepotea bure. Lakini nimeendelea nayo miaka kadhaa sasa, tripodi ile ile, na picha zinatoka safi. Nililopaswa kulijua mapema ni kwamba tripodi nyepesi inapenda kuwa fupi.

Mguu wa tripodi yangu una vipande 5 vinavyoingiana kama antena ya redio. Cha juu ni kinene vya kutosha. Cha chini kabisa ni chembamba kuliko kidole changu cha shahada. Pale maporomokoni nilivivuta vyote, kisha nikapandisha nguzo ya kati hadi mwisho ili kamera ifike usawa wa macho, nisipate taabu ya kuinama. Hapo kamera inakuwa imekaa juu ya fimbo moja, na fimbo ndiyo iliyochomekwa juu ya miguu mitatu. Maporomoko nayo yana upepo wake, ule unaosukumwa na maji yanapoanguka. Fimbo ilikuwa inatikisika muda wote, kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho halioni.

Siku hizi navuta vipande vinene kwanza. Cha mwisho kinabaki ndani mpaka nilazimike, na nguzo ya kati siigusi kabisa. Kamera inafika kiunoni au kifuani, basi. Napiga goti, au nakunjua kioo cha kamera na kukitazama kwa juu. Tena nimegundua kwamba picha nyingi za mandhari zinapendeza zaidi kutoka chini: jiwe lililo karibu linapata ukubwa wake, na macho ya mtazamaji yanapata pa kuanzia. Nisingelijua hilo kama ningeendelea kung'ang'ania usawa wa macho.

Hapo kuna jambo moja la kinyume. Ukisimama kwenye mchanga au maji ya chumvi, vuta kile kipande chembamba cha chini kwanza, ufupishe vya juu. Lengo ni kuviweka vifungo vinavyokaza vipande juu ya maji, maana punje za mchanga zikiingia kwenye kifungo cha kuzungusha, utazisikia zikisaga kila unapokifunga.

Upande wa pili wa kosa langu ulikuwa kidole. Nilikuwa napiga kwa nusu sekunde, yaani shata, pazia linaloruhusu mwanga uingie kamerani, inakaa wazi muda huo, mwendo unaofaa sana kwa maji, na nilikuwa nabonyeza kitufe mwenyewe. Kidole kikigusa kamera, tripodi nyepesi hutetemeka kwa kitambo kifupi kisha ikatulia. Picha ya sekunde 30 huumeza mtetemeko huo, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda kamera imetulia. Picha ya nusu sekunde haina pa kuuficha. Kwa hiyo mimi kila mara naweka taima, kamera ijipige yenyewe muda kidogo baada ya kubonyeza. Sekunde 2 zinatosha kama hakuna upepo. Nikiwa na lenzi ndefu naweka 10. Kamera za zamani zenye kioo cha ndani kinachoruka zina mpangilio wa kukiinua mapema, utumie. Kizuia mtikisiko cha lenzi nacho kizime, hasa kwenye lenzi za zamani, kwa sababu kingine hutafuta mtikisiko usiokuwepo kikauleta chenyewe.

Mkanda wa kamera ulinichukua muda kuugundua. Upepo unaupepea, unapigapiga mguu wa tripodi, na kila pigo linapanda mpaka kwenye lenzi. Uvue, au uuzungushe kwenye kichwa cha tripodi, pale kamera inapofungwa, mpaka utulie.

Wengi watakwambia uning'inize begi kwenye ndoano iliyo chini ya nguzo. Ushauri ni mzuri, ila begi linalobembea ni baya kuliko kutoning'iniza kitu. Mimi nalishusha mpaka liguse ardhi, kamba imekazika kidogo tu. Uzito unavuta chini, na ardhi inalizuia lisibembee. Kwenye mteremko naweka miguu miwili upande wa chini na mmoja upande wa juu, na nikiwa na lenzi nzito nahakikisha mguu mmoja umeelekea kule lenzi inakoelekea.

Kabla ya safari, fanya jaribio hili nyumbani. Funga kamera kwenye tripodi, ielekeze kwenye maandishi madogo upande wa pili wa chumba, kisha ukuze taswira kwenye kioo mara 10. Gonga mguu wa tripodi kwa ukucha. Hesabu mpaka maandishi yatulie. Rudia nguzo ikiwa juu, kisha ikiwa chini. Ukishaona kwa macho yako herufi zinavyocheza, hutahitaji mtu akukumbushe kuishusha nguzo.

Kama bado hujanunua, usiikimbilie namba ya uzito ambao tripodi inadaiwa kubeba. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata, kila mmoja anapima kivyake. Tazama unene wa kile kipande cha mwisho, na ukiminye kwa mkono. Vipande 5 hukunjika vifupi kuliko 4, ila cha mwisho kinakuwa chembamba zaidi. Kwa anayesafiri sana kwa ndege naona inafaa kukubali hasara hiyo, kwa sababu tripodi ya sentimita 40 inaingia bila shida kwenye begi la kuingia nalo ndani.

Kuhusu kaboni na alumini, mfano mzuri ni tripodi ya safari ya kampuni ya Peak Design, umbo lile lile kwa malighafi mbili: ya kaboni ina kilo 1.27, ya alumini kilo 1.56. Tofauti ni gramu 290. Kaboni hutuliza mtikisiko haraka zaidi, na kwenye baridi kali haiumizi mkono, lakini kama mfuko haujanona sioni aibu yoyote kuchukua alumini. Fedha inayobaki itumie kwenye kichwa. Kichwa cha gololi kinacholegea baada ya kukifunga, lenzi ikainama kidogo kidogo wakati shata iko wazi, kitakutesa kuliko gramu 290. Na kibao cha kamera, kile kinachofungwa chini yake ili ikae kwenye kichwa, kiwe cha mtindo wa Arca-Swiss, wenye upana wa milimita 38 hivi, ili ukikipoteza safarini upate mbadala kirahisi.

Kuna sehemu ambazo hata tripodi ndogo haipiti. Taj Mahal hairuhusiwi, na makumbusho mengi duniani ni hivyo hivyo, kwa hiyo soma masharti kabla ya kwenda. Hapo koti lililokunjwa juu ya ukuta mfupi, kamera juu yake na taima ya sekunde 2, limewahi kunipa picha ya sekunde nzima isiyocheza hata kidogo. Na panaporuhusiwa, usiitanue miguu katikati ya njia ya watu. Mtu akijikwaa ataumia yeye, na kamera itaanguka.

Ukirudi kutoka baharini, usilale kabla hujaioshea tripodi maji baridi yasiyo na chumvi. Fungua kila kifungo, toa vipande, futa mchanga kwenye nyuzi za skrubu kwa mswaki wa zamani. Usiikunje ikiwa na maji ndani. Iache imesimama usiku kucha, miguu yote imevutwa, mpaka ikauke.