Picha za simu na sanamu za karatasi kwa mwenye sonona: jibu langu kwa mleta uzi

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama kweli mtu anaweza kuchanganya picha zake na sanamu za karatasi ili aelewe kinachomsumbua kichwani, na kama inawezekana, aanzie wapi ikiwa hajasomea sanaa. Naona wawili wamekujibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu wenye muda. Mimi naishi na sonona, nahudhuria kliniki na natumia dawa. Kazi yangu ni steshenari: fotokopi, kuprinti, kulaminisha vyeti vya watu. Sanamu hizi natengeneza kwa mikono yangu, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua kwa kukishika.

Kwanza faida yake, maana ndiyo uliyoiuliza. Nikikaa mbele ya daktari akaniuliza ninajisikiaje, mdomo wangu unajibu "afadhali kidogo" kabla sijafikiri, kama mtu anayeitikia salamu. Picha peke yake nayo haikunisaidia. Ukitazama picha zangu za wiki zile mbaya kabisa utaona dada aliyesuka vizuri, anatabasamu kwenye harusi. Kamera inachukua sura uliyoitayarisha. Ndiyo maana naichana picha ileile na kuibandika juu ya umbo la kile ninachokisikia ndani. Hapo napata kitu cha kuweka mezani na kusema, daktari, tazama hiki.

Usianze na uso. Uso tumeuzoesha kuficha. Kwetu mtu akizidiwa na mawazo mara nyingi anaanza kulalamikia mwili: kifua kinabana, kichwa kizito, mgongo unawaka, moyo unakwenda mbio. Anapimwa malaria, anapimwa presha, majibu yanatoka safi, anarudi nyumbani na mzigo uleule. Nimepita njia hiyo. Basi jiulize, wewe inakukaa wapi mwilini? Hapo ndipo pa kuanzia sanamu.

Mimi ilikuwa mkono wa kushoto. Usiku wa mawazo huwa naukunja ngumi, asubuhi nakuta kucha zimeacha alama kiganjani. Niliupiga picha kwa simu, mwanga wa dirishani, bila flashi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai na kuweka taima ya sekunde 10. Piga pande zote: vidole, kiganja, kifundo, upande wa dole gumba. Utazihitaji zote, kwa sababu sanamu ina mgongo na picha haina. Kisha chukua waya laini, ule mafundi wanaofungia nondo, kunja vidole vitano, vifunge pamoja kwenye kifundo, jaza kiganja kwa gazeti ulilolifinya na ulibane kwa selotepu ya karatasi.

Gundi ni uji wa ngano. Koroga unga kwenye maji baridi mpaka madonge yaishe, umimine kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, uepue ukishakuwa mzito wa kupakika. Tia chumvi. Kama uko pwani kama mimi, ongeza matone ya mafuta ya karafuu, yanasaidia kuzuia ukungu. Kipindi cha masika, sanamu isiyotiwa chochote inaweza kuota ukungu kabla haijakauka. Gazeti lichane kwa mkono, usilikate kwa mkasi: ukingo uliochanika unalala na kuungana na mwenzake, uliokatwa unaacha mstari. Utaona gazeti linachanika moja kwa moja upande mmoja na kwenda kombo upande mwingine. Ni nyuzi za karatasi zilivyolala tangu kiwandani, fuata upande unaokubali. Tabaka tatu au nne zinatosha, kila moja likauke kabla ya linalofuata. Kule kusubiri kuna manufaa yake kwa mgonjwa wa sonona. Siku nzima nikiwa sina hamu ya chochote, bado najua jioni kuna kitu cha kugeuza upande wa pili.

Sasa kuprinti, na hili nalijua kwa kazi. Usitumie picha za kung'aa za studio. Karatasi ile ina plastiki, hainywi gundi wala haikubali kupinda kwenye kona. Usiprinti kwa printa ya wino wa maji, kwa sababu ukipaka gundi tu sura yako inatiririka (isipokuwa kama hicho ndicho unachotaka kukisema, na kuna siku nimekitaka). Omba mashine ya leza au fotokopi, karatasi ya kawaida ya gramu 80 au nyembamba zaidi. Tona ni unga wenye plastiki unaoyeyushwa kwa joto mpaka ukashika karatasi, kwa hiyo gundi yenye maji haiuchuruzishi. Tabaka hili la mwisho nalibandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji kidogo, maana uji wa ngano ukikauka unaacha weupe juu ya sehemu nyeusi.

Nilipoutundika mkono dirishani ukauke, shangazi yangu alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Nilipomaliza kumwamkia, macho yake yalikuwa yameshafika dirishani.

"Huo mkono wa nani, mwanangu?"

"Wangu, shangazi."

"Mbona umeukunja hivyo?"

"Ndivyo ninavyolala."

Alikaa kitandani, akauliza tangu lini. Nikamweleza habari za kliniki, yeye wa kwanza katika ukoo wetu mzima kuzisikia kutoka kwangu. Miaka yote tulikuwa tunaishia kwenye hujambo, sijambo.

Sanamu ikishakauka, usiiweke kabatini ukadhani umemaliza. Ipige picha mahali ambapo ugonjwa unakukuta. Watu wengi wanaliruka hili, na kwangu ndilo lililozaa matunda kuliko yote. Mkono wangu niliupiga picha juu ya mto, nikaona ninachokijua. Nikaupeleka kazini, nikauweka juu ya kaunta kando ya mashine ya fotokopi, pale ninapoweka vyeti vya wateja. Nilipoitazama picha ile jioni nilishtuka. Nilikuwa nimeshikilia kwamba shida yangu ni ya usiku, ni usingizi tu, na dawa ninayoihitaji ni ya usingizi. Kumbe ngumi ile naijua vizuri pale dukani. Foleni ikirefuka, mteja akiinua sauti, mkono wa kulia unatoa chenji na wa kushoto umejikunja chini ya kaunta. Nisingeliona hilo kwa kuwaza, kwa sababu nikiwa dukani macho yangu yako kwa mteja. Picha hiyo ndiyo niliyoipeleka kliniki, na mazungumzo yetu yakatoka kwenye usingizi yakahamia kwenye hofu ninayokuwa nayo mbele za watu. Matibabu yangu yalibadilika kuanzia siku ile.

Kwa wale wa "mambo ya wenye muda": Pedro Linares wa Mexico City alikuwa fundi wa karatasi na gundi, kazi iliyomlisha. Mwaka 1936 aliugua sana, akaota wanyama wa ajabu, na alipopona akawatengeneza kwa karatasi kama alivyowaona. Msanii Niki de Saint Phalle alilazwa kwa ugonjwa wa akili mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1953, akaanza kuchora akiwa hukohuko hospitalini. Mwaka 1965 alionyesha mjini Paris wanawake wake wakubwa aliowaita Nana, na wale wa mwanzo walikuwa wa wavu wa waya, karatasi na nyuzi. Baadaye alihamia kwenye poliesta, ile plastiki ya maji inayoganda ikawa ngumu na ndiyo inayotumika kwenye faiba, na mvuke na vumbi lake vinatajwa kuwa ndivyo vilivyomharibu mapafu. Kwa hiyo mtu akikushauri utumie faiba ili sanamu idumu, kataa, hasa kama unalala chumba hichohicho unachofanyia kazi.

Upande wa picha, msome Jo Spence, mpiga picha Mwingereza. Alipogunduliwa saratani ya matiti mwaka 1982 aliielekeza kamera kwake mwenyewe na kwa matibabu yake. Baadaye miaka hiyohiyo ya 1980, yeye na mpiga picha mwenzake Rosy Martin walianza kuigiza mbele ya kamera yaliyowaumiza maishani, wakipokezana: mmoja anaigiza, mwenzake anapiga picha na kumsikiliza. Naamini sana katika huko kupokezana. Tafuta mtu mmoja wa kuwa naye, hata kama yeye atakuwa anachana magazeti tu.

Jambo la dini lisikutishe wala usilipuuze. Wapo ndugu zetu wanaoona kutengeneza sanamu ya kiumbe hakufai, na nyumbani kwenu pengine wapo. Tengeneza kiti, mlango, mtungi, kitanda, kisha ukivike picha. Mtungi uliofunikwa kwa picha za chumba chako unaweza kusema mengi kuliko kichwa cha mtu. Kwenye nyumba za kupanga kuna jingine: viungo vya mwili vilivyotundikwa uani vinaweza kuleta maneno ya uchawi. Mwambie mama mwenye nyumba mapema unachokifanya, kaushia ndani, na picha zenyewe usizitume kwenye magrupu ya WhatsApp. Angalia pia kama simu yako inazipandisha yenyewe kwenye akaunti unayotumia na wengine.

La mwisho, na nakuomba ulichukue kwa uzito. Hii kazi inaenda sambamba na matibabu, haichukui nafasi yake; dawa zangu sijaziacha kwa sababu ya karatasi. Usijipige picha ukiwa katika saa mbaya kabisa, subiri ipite, kisha utengeneze kwa kukumbuka. Usitengeneze majeraha. Na ukiona mikono yako inarudia umbo la kifo, au mawazo ya kujidhuru yanakuja ukiwa peke yako na waya na mkasi, acha hapohapo, toka chumbani, mwite mtu akae nawe na muende hospitali usiku uleule bila kungoja tarehe ya kliniki.